Maneno ya Askari wa Felisita

Mliponiaga mlinipa kanga, blanketi, na keki yenye jina langu kwa herufi zilizoanza kuyeyuka kabla hatujashika kisu, maana joto la Kyela haliheshimu keki. Kisha Bupe akasimama, akasema kwa niaba yenu wakunga wote: "Sista Zuhura, tuandikie kidogo kuhusu kazi yako, utuachie busara." Nimekaa na ombi hilo wiki kadhaa. Busara sina nyingi. Nina aibu, na nimeona ni heri niwaachie hiyo, kwa kuwa ina matumizi. Vyeo sitavigusa, na habari za mshahara hamhitaji kusimuliwa, ndio ninyi mnaoupokea.

Mimi ni mtoto wa Kyela mjini. Baba alikuwa na duka la nguo karibu na soko, na ukoo wake ulitoka Kilwa na mizigo ya vitambaa ukaishia hapa. Mama ni Mnyakyusa wa Ndandalo, aliyesilimu alipoolewa lakini hakuacha mila yoyote ya kwao ambayo baba hakuigundua. Kwa hiyo nilipopangiwa hospitali ya misheni kule karibu na ziwa, watu wa dukani walinicheka: binti wa msikitini anakwenda kuzalisha chini ya msalaba. Baba hakucheka. Alisema mtoto akitoka hatoki na dini, anatoka na njaa.

Siku ya kwanza nilifika na sare mpya iliyonibana kwapani. Juu ya mlango wa wodi ya wazazi palikuwa na picha ya wanawake wawili wamesimama bega kwa bega, mmoja kavaa nguo za kitajiri, mwingine kavaa shuka tu, amejishika tumbo. Chini yake paliandikwa Wodi ya Felisita. Nikamuuliza mkunga aliyenipokea, "Hawa ni nani?"

"Wenye wodi," alinijibu. "Nawa mikono."

Huyo alikuwa Sista Ambwene, aliyenifundisha kazi. Vitabu nilikuwa nimevisoma chuoni, lakini mikono niliipata kwake. Alikuwa mfupi, mpana, hatembei haraka hata damu ikimwagika, na kwa sababu hiyo nasi hatukukimbia, na kwa sababu hatukukimbia hatukukosea. Nimemwona akimgeuza mtoto aliyetanguliza matako kwa vidole tu, huku anaimba wimbo wa kupalilia mpunga. Nimemwona akizuia damu ya mzazi kwa ngumi yake mwenyewe mpaka gari likapatikana. Mtu akiniuliza leo nani alikuwa mkunga bora ukanda huu wote wa ziwa, nitamtaja yeye. Nalisema hili mapema ili mkisoma yanayofuata msimdharau.

Alinirithisha fetoskopu yake ya mbao, lile tarumbeta dogo la kusikilizia moyo wa mtoto. Ile ya kiwandani ilivunjika, fundi seremala akamchongea nyingine, na ilisikia vizuri kuliko ya kwanza. Mnaijua namna ya kuitumia: unaiweka tumboni, unalaza sikio juu yake, uso umeelekea miguu ya mama. Niliitumia miaka mingi kabla sijatambua kwamba kila nilipomsikiliza mtoto nilikuwa nimempa mama yake kisogo. Siku hizi mna mashine yenye sauti, mnaweza kukaa upande wowote. Tafadhali kaeni upande wa uso.

Pamoja na fetoskopu nilirithi maneno. Kila kazi ina maneno yake. Makuli wana yao, na sisi tulikuwa na yetu. Mama akiingia anapiga yowe, njia bado haijafunguka vya kutosha, Ambwene alisimama miguuni pake, akaweka mikono kiunoni, akasema: "Kama sasa hivi unalia, kichwa kikifika utafanyaje?" Basi. Wengine walinyamaza kwa hofu, wengine kwa haya, lakini walinyamaza. Alikuwa na sababu zake na zilikuwa na maana. Kilio kinamaliza nguvu za kusukuma. Mmoja akianza, wodi nzima inaitikia. Na mkunga alikuwa mmoja, hana masikio ya kugawa. Mimi nilikuwa sijazaa bado, na wahenga walishasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wahenga hawakuwa zamu. Maneno yale niliyachukua kama nilivyoichukua fetoskopu. Hayakuwa na gharama na yalifanya kazi.

Sikukuu ya wenye wodi huangukia mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika na wazazi wengi wamewahi kuja kabla njia hazijakatwa na maji. Kila mwaka siku hiyo alikuja katekista, Mzee Angetile wa Ngana, amevaa koti lake la pekee na buti za matope, akasimama katikati ya vitanda na kuwahadithia wazazi habari za Perpetua na Felisita. Hakusoma popote. Aliyajua yote kwa moyo na aliigiza kila mtu kwa sauti yake. Miaka ya mwanzo sikumsikiliza. Saa ya hadithi ilikuwa saa yangu ya kunywa chai.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, Ambwene alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao Talatala, na wodi ilikuwa mikononi mwangu. Asubuhi ile mama mmoja wa kando ya ziwa alimleta binti yake, mimba ya kwanza. Jina lake Atupele. Msichana mrefu, mkimya wa uso, lakini uchungu ulipombana alitoa sauti iliyofika jikoni. Nikampima, njia ilikuwa bado. Nikampa kitanda cha mwisho, karibu na mlango wa nyuma, mama yake akaenda kumpikia uji kwenye jiko la wasindikizaji. Uchungu ukarudi, naye akalia tena. Nikasimama miguuni pake, mikono kiunoni.

"Kama sasa hivi unalia, kichwa kikifika utafanyaje?"

Alinitazama. Akavuta upindo wa kanga, akauweka mdomoni, akauma. Mimi nikaenda zangu, nimeridhika.

Kuna swali ambalo hapa kwetu ndilo la kwanza kumuuliza mwanamke yeyote, hata sokoni: umeolewa kwa nani? Sikumuuliza. Nilikuwa na haraka. Kama ningemuuliza angeniambia kwamba kaolewa Ngana, na kwamba baba wa mume wake ndiye Mzee Angetile katekista.

Wageni hawatalielewa hili, kwa hiyo nalieleza kwa ajili ya wale mliotoka mikoa ya mbali. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Mama yangu aliita mila hiyo ukutila, kumwogopa kwa heshima. Akimwona njiani anatoka njiani na kuingia majanini, anajifunika uso. Jina lake halitaji. Nyumba aliyomo haingii. Mjini wengi wameacha, na wengine huibakiza kidogo tu kwa ajili ya harusi, lakini kwenye nyumba za zamani kule Ngana ilikuwa bado imesimama wima. Basi fikiri ni wewe uko kitandani, kanga imepanda, uchungu umeshika, halafu mlango wa mbele unafunguliwa na sauti ya baba mkwe inasema, "Mugonile, mama zangu!"

Wodi ikaitikia kwa furaha, "Ndaga, Tata!" Mimi nikaketi kwenye benchi mbele kabisa kama mwenyeji, nimewapa kisogo vitanda vya nyuma.

Alianza kama kawaida yake. Hii si hadithi ya Ulaya, alisema, ni ya Afrika yetu hii, ila upande wa juu kabisa, kwenye bahari. Perpetua alikuwa binti wa watu wenye mali, ana mtoto wa kunyonya. Felisita alikuwa mtumwa, ana mimba ya miezi minane. Wote wakakamatwa kwa sababu ya imani, wakahukumiwa kutupwa kwa wanyama siku ya sherehe, watu watazame. Baba yake Perpetua alikuja gerezani akamsihi akane, akapiga magoti. Hapo Mzee Angetile daima alipiga magoti kweli, na buti zake zikaacha matope ambayo mhudumu wetu aliyafuta huku ananung'unika. Felisita yeye hofu yake ilikuwa nyingine. Sheria ilikataza kumwua mjamzito, kwa hiyo wenzake wangekwenda, yeye angebaki nyuma afe baadaye na watu asiowajua. Wenzake wakamwombea, na uchungu ukamjia kabla ya siku zake, humo humo gerezani.

"Akalia," alisema Mzee. "Mtoto wa mwezi wa nane anauma. Akalia kama mnavyolia ninyi. Akaja askari mmoja wa gereza akasimama mlangoni."

Mzee akalifanya koo lake zito, akaweka mikono kiunoni.

"Kama sasa unalia hivi, ukitupwa kwa wanyama utafanyaje?"

Wodi ikanigeukia mimi. Niliyaona macho yao kabla sijaelewa sababu. Kisha kitanda cha tatu kikaanza kutikisika. Alikuwa Mama Chimwemwe, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto Songwe, anayeuza vitenge pande zote mbili za mpaka na kuzaa upande wowote mvua inapomkutia. Alikuwa anacheka huku ameshika mshono wake.

"Sista," akaniita, "huyo askari ni ndugu yako?"

Wodi nzima ikalipuka. Wazazi waliojifungua jana, wazazi wanaosubiri, bibi waliokuja kutazama wajukuu, wote. Hata mhudumu wa matope. Mzee Angetile peke yake hakuelewa, alisimama katikati na mikono bado kiunoni, anatabasamu kwa adabu akidhani ameigiza vizuri kuliko miaka mingine. Uso wangu ulipata moto mpaka masikioni. Maana haikuwa tu kwamba maneno yalifanana. Ilikuwa sauti ile ile, mikono ile ile, na mahali pale pale pa kusimama. Na hakukuwa na siri ya kuficha. Kila mmoja mle ndani alikuwa amenisikia asubuhi ile.

Mzee akaendelea kueleza alivyojibu Felisita, kwamba sasa ninaumia mimi mwenyewe, lakini siku ile atakuwepo mwingine ndani yangu wa kuumia nami. Sikusikia vizuri. Nilisikia bibi mmoja wa nyuma akisema, bila kucheka, "Na yule binti wa mwisho mbona kitanda kitupu?"

Niligeuka. Kitanda cha mwisho kilikuwa na shuka lililolowa na mlango wa nyuma ulikuwa wazi, mvua inaingia.

Sista Ambwene alinifundisha kutokimbia. Siku hiyo nilikimbia. Nilimkuta kwenye banda la kuni nyuma ya jiko, amesimama, ameshika nguzo kwa mikono miwili, kanga yote imejaa mdomoni kama mtu aliyezibwa na wezi. Mtoto alikuwa kichwa nje. Nilipiga magoti kwenye maganda ya kuni, bila glavu, bila kitu, nikampokea kwa aproni yangu. Alikuwa msichana, wa buluu, kalegea, na hakulia.

Mama hakulia, mtoto hakulia. Sijawahi kuwa mahali pa kimya kama banda lile, na mvua juu ya bati ilikuwa kubwa. Nikamfuta mdomo kwa kidole na upindo wa kanga, nikamsugua mgongo, nikapiga nyayo. Nikamwekea mdomo wangu nikampulizia, kidogo kidogo, kama unavyofufua kaa la moto usilotaka lizimike. Na muda wote huo nilimwambia Atupele, sijui kwa nini, "Lia! Lia basi, mama!" kana kwamba mmoja akilia mwingine atafuata. Hakulia. Alitoa kanga mdomoni akanong'ona:

"Yupo?"

"Nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye dirisha la wodi, ambako sauti ya Mzee bado ilikuwa inasikika. Na hapo damu yangu ya Ndandalo ikanieleza kila kitu kwa mara moja.

"Kwa nini hukuniita?" nikamwuliza. "Kwa nini hukupiga kelele?"

"Si ulisema, Sista," alinijibu.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbushwa amri aliyoitii vizuri na anashangaa anaulizwa tena. Mtoto akakohoa, akakunja uso, akaanza kulia kwa sauti nyembamba ya paka. Mimi nikalia naye. Atupele akarudisha kanga mdomoni, kondo la nyuma lilikuwa linakuja.

Kondo lilipotoka, mama yake akamshika Atupele, nami nikambeba mtoto mpaka dirisha la wodi; ndani, Mzee alikuwa amefika pale wanapopelekwa uwanjani kwa wanyama. Wanawake hao wawili walitolewa uchi mbele ya watu, na mnyama aliyeandaliwa kwa ajili yao alikuwa ng'ombe mwitu. Hapo kila mwaka wazazi wetu hupinga. Mnyakyusa hakubali kirahisi kwamba ng'ombe anaweza kupewa kazi hiyo. "Ng'ombe gani huyo, Tata?" waliuliza, naye akajibu kwamba ni wa kule. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa silijui kwa sababu ya chai yangu. Watu walipoona kwamba Felisita ametoka kuzaa juzi, maziwa yanadondoka kifuani, uwanja mzima uliingiwa na haya. Wakapiga kelele wafunikwe. Wakarudishwa, wakavikwa nguo, ndipo wakaletwa tena kufa. Nilisimama pale dirishani, nimelowa, namsikiliza. Watu waliokuja kutazama mtu akiuawa waliona haya kwa ajili ya mzazi. Mimi nilikuwa nimelipwa kumtunza.

Jioni nilimweleza Mzee. Alikaa kwenye benchi, akavua koti. Hakunilaumu. "Nilimfukuza mke wa mwanangu kitandani," alisema, "nikiwa nahubiri." Ilikuwa aibu ya watu wawili basi, lakini yake ilitokana na kutojua. Yangu haikuwa hivyo. Tangu mwaka uliofuata hakuingia tena wodini. Alisimama kibarazani nje ya dirisha, mgongo kaupa ukuta, akauliza kwanza kwa sauti, "Wakwe zangu wapo?" na kusubiri. Kama yupo aliye mkwe wake au wa ukoo wake, alitoka mlango wa nyuma polepole kwa nafasi yake, na benchi la kumkalisha kule jikoni tuliliweka. Wageni wa kutoka makao makuu walituona watu wa ajabu: mzee anahadithia mvua, na wodi inausikiliza ukuta.

Nilikwenda Talatala kumweleza Ambwene pia. Alinisikiliza akimenya ndizi. Nilidhani atakasirika au atalia. Akasema, "Labda askari naye alikuwa peke yake zamu." Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Halafu akaacha kumenya. "Mimi pia nilizalia pale," akasema. "Kabla hujaja. Aliyenizalisha aliniambia maneno hayo hayo. Nikaona kama yalinifaa mimi, yatawafaa na wengine." Alinifungia mkungu wa ndizi nikaondoka nao.

Atupele aliondoka siku ya pili na mtoto mzima, alinishukuru kwa magoti, "Ndaga fijo, Sista." Shukrani ile iliniuma kuliko kama angenitukana. Na msimu ule wote hakuja mzazi yeyote kutoka upande wao wa Ngana. Walizaa nyumbani. Hawakutuma malalamiko, hawakusema kitu, walikaa tu kwao, nasi tuliandika kwenye taarifa kwamba njia ni mbovu. Nilipopata habari kwamba Atupele ana mimba ya pili niliogopa, kwa sababu ile ya bandani ilimpasua njia nikamshona, na sikuwa na hakika na kovu lake. Nikaenda kwake kwa miguu kutoka barabarani, matope mpaka magotini. Nilimkuta anaanika mpunga, yule mtoto wa banda la kuni anafukuza kuku.

Nikamwambia, "Mama, njoo uzalie kwetu. Nyumbani ni hatari kwako. Na mimi nilikosea, nimekuja kukuomba."

Alisambaza mpunga kwa mguu. "Nitakuja," akasema. "Lakini nitalia."

Alikuja, na alilia. Alilia siku nzima, sauti iliyofika ziwani, na mimi nilikaa upande wa uso wake, nimeshikwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kovu lilifunguka kama nilivyohofia, damu ikamwagika. Angekuwa Ngana angekufa. Alitoka na mtoto wa kiume na mshono, na wazazi wa upande wake wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakiwa na shaka.

Ndipo nikamwomba Mzee Angetile kitu. Nilimwomba kwamba kila mwaka, akifika pa askari, aninyamazie niseme mimi. Aliona vigumu. "Wewe si wa kanisa, Sista."

"Na yule askari je?"

Akafikiri. "Kweli, naye hakuwa," akasema, na tukakubaliana. Kwa hiyo kila mwezi wa tatu yeye alihadithia toka nje, mimi nikasimama ndani katikati ya vitanda, mikono kiunoni, nikasema yale maneno mbele ya wazazi wote, na kila mwaka walicheka, nami kila mwaka niliiva masikio. Niliwahi kumwuliza Mzee jina la askari yule. Alisema mkuu wa gereza anajulikana, na inasimuliwa kwamba aliamini, lakini huyu wa maneno hakuna aliyelihifadhi jina lake. Nilifikiri: bora. Niliamini kwamba kwa kuyasema hadharani kama mchezo, nilikuwa nayazika. Wakunga vijana waliokuja hawakuyasema kwa mzazi hata mara moja, hilo nawashuhudia. Mzee alipofariki, kijana wake mmoja alichukua hadithi, na mimi niliendelea na askari wangu.

Sasa mwaka huu, ninyi mlikuwepo, lakini mlikuwa mnakata keki, hamkuona yote. Sikukuu na kuagwa kwangu viliwekwa siku moja ili kuokoa gharama za soda. Mlinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa na kumpa Bupe nafasi ya askari, awe mrithi wangu. Bupe alisimama katikati, msafi, mpole, hajawahi kumfokea mzazi tangu azaliwe. Akaweka mikono kiunoni kama nilivyomfundisha. Akafungua mdomo. Na kabla hajatamka, msichana mmoja wa kitanda cha mwisho akayasema yeye. Si ya Mzee, yenye wanyama. Yetu. Yenye kichwa.

"Kama sasa hivi unalia, kichwa kikifika utafanyaje?"

Watu wakacheka, keki ikaendelea. Mimi niliinuka kwenye kiti changu. Alikuwa msichana mdogo, mimba ya kwanza, jasho limemtoka usoni, na nilitambua kwa kazi ya miaka mingi kwamba uchungu umembana wakati ule ule anapotabasamu. Upindo wa kanga ulikuwa umelowa mate.

"Nani kakufundisha maneno hayo?" nikamwuliza.

"Mama," akasema. "Na bibi. Waliniambia nikifika hapa nisilie, kwa sababu mtaniuliza hivyo."

Mama yake alikuwa dirishani, anatuchungulia kutoka kibarazani. Nilimtambua kwa sura, simjui kwa jina. Alinipungia mkono kwa furaha, kama mtu anayemwonyesha mwalimu wa zamani kwamba mtoto wake amefunzwa vizuri. Basi hivyo ndivyo yalivyoishi. Hayakuhitaji mkunga tena. Wao wenyewe walikuwa wanapeana jikoni, mama kwa binti, pamoja na wembe na pamba za kuja navyo hospitali.

Nikaketi kitandani, upande wa uso. Uchungu ulikuwa unarudi, niliuona unavyompanda mabegani. Nikamshika mkono. "Lia, mwanangu," nikamwambia. "Hapa siku hizi tunalia. Lia tu."

Alinibana vidole kwa nguvu zake zote, akajitahidi kunitazama kwa heshima, maana alijua ni siku yangu na hakutaka kuiharibu.

"Usiwe na wasiwasi, Sista," akasema. "Silii."